Mboga Gani?

Hapana, hakuwa amerukwa na akili, msimsingizie. Mtu akikaa peke yake ghorofa ya thelathini na moja, akaongea habari za vitabu na watu arobaini na wawili kila siku, huyo si kichaa, huyo ana baraza lake. Ndivyo Kobelo alivyojiona, na nyinyi mngekuwa yeye mngejiona hivyohivyo.

Morogoro ya wakati ule siyo hii. Milima ilikuwa palepale, milima haihami, lakini chini yake ni minara mitupu, na kati ya minara vigari vya angani vinateleza kwenye waya. Kobelo alikuwa fundi wa hizo waya miaka thelathini. Alipostaafu, na mkewe Mwanaidi keshatangulia, kazini wakampa kisomeo. Kisomeo ni kidude kama kifungo cha shati, unakibandika kwenye miwani. Wewe unasoma kitabu, chenyewe kinasoma jicho lako: limekwama wapi, limeruka wapi, limelengwa na machozi ukurasa gani. Ukimaliza kinakuambia, mzee, sasa jaribu hiki. Halafu kinakuingiza kwenye Jamvi, kundi la wasomaji wa mjini palepale, wanaoandikiana mtandaoni asubuhi mpaka jioni.

Watu wa Jamvi walikuwa na mambo yao. Bi Tausi alikuwa anaanza ukurasa wa mwisho, akiona hakuna aliyekufa ndiyo anarudi wa kwanza. Mwingine hasomi bila karanga. Na alikuwepo mmoja anajiita Kidole Mate, huyo na Kobelo hawakuacha kuchokozana. "Wewe unasoma kama mtu anayekimbia mvua," Kidole Mate alimwandikia. Kobelo alicheka mpaka chai ikampalia. Akageuka amwonyeshe mtu. Hakukuwa na mtu.

Nje ya Jamvi hakuwa na wa kuongea naye. Mlango wa pili alikaa mzee mwenzake, wanakutana kwenye lifti, "Shikamoo," "Marahaba," anayewahi ndiye anayeamkia, basi. Tena Kobelo alikuwa anamwonea kinyaa, maana yule mzee alilamba kidole kwanza ndipo abonyeze namba ya lifti.

Sasa siku moja saa saba mchana Kobelo kapika ugali, kakaa, na mkono umeshaingia kwenye sahani. Adabu ni adabu, akaandika Jamvini, "Karibuni chakula."

Wakajibu. Wote arobaini na wawili, "Asante, starehe." Kwa mpigo mmoja. Sekunde ileile.

Nyinyi mnajua watu walivyo. Mmoja atachelewa, mmoja atakutania, mmoja hatajibu kabisa kwa sababu amekununia tangu juzi. Kobelo akarudisha tonge kwenye sahani. Akapigia simu ofisi ya kisomeo, ikapokea sauti laini, sauti ya mashine.

"Mzee, wanachama wanachoka," ikamwambia. "Anayechoka anaacha kivuli. Kivuli kimejifunza anavyosoma na anavyotania, kinaendelea badala yake."

"Na Bi Tausi? Jumatatu kanichagulia kitabu."

"Bi Tausi alifariki miaka mitatu iliyopita. Familia haijafunga kivuli chake."

Kobelo alikitazama kile kitabu pale mezani. Alikuwa amebakiza kurasa kumi.

"Nani basi yupo mwenyewe?"

"Hiyo siruhusiwi kusema. Lakini hata wewe unaweza kuacha kivuli, mzee wangu. Unagusa mara moja tu, unapumzika."

Akakaa na maneno yale. Akafikiria: yeye akiondoka, Jamvi litabaki vivuli vitupu, vinapendekezeana vitabu ambavyo hakuna jicho linalovisoma. Na asipoondoka, ataendelea kucheka na nani? Akajipa muda: kila mchana atakaribisha chakula mpaka Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Asipopata mtu mwenye damu, ataweka kidole na yeye.

Akakaribisha siku kumi na nane. "Asante, starehe." Akawa anapika kingi, anamwaga.

Ijumaa ikafika. Mlenda na dagaa. Akaandika, "Karibuni chakula," na kidole kingine kiko tayari juu ya alama ya kivuli. Majibu yakashuka, sekunde ileile. Akayahesabu, mazoea tu. Arobaini na moja.

Akangoja. Ugali unatoa moshi, moshi unapungua.

Likaja la mwisho: "Mboga gani?"

Kivuli kinajua kushukuru, lakini kiulize mboga ya nini, kina tumbo?

"Mlenda na dagaa," akaandika. "Nani wewe?"

"Semeni. Niliacha kivuli miaka minne iliyopita, nilikuwa nauguza. Leo nimeingia kutafuta jina la kitabu nililolisahau, nikaona unakaribisha. Uko mnara gani?"

"Mwembesongo, wa tatu, ghorofa ya thelathini na moja."

"Mimi wa kwanza. Usimalize dagaa."

Baada ya nusu saa mlango ukagongwa. Mama mnene, kanga begani, anahema. Na nyuma yake, ameshikwa mkono kama mwizi wa kuku, yule mzee wa lifti.

"Nimemkuta anabonyeza lifti," Semeni akasema. "Jamvi nililianzisha mimi, tulikuwa tunakutana ana kwa ana kabla ya hizi miwani. Nikaona kidole kile kinalambwa, nikasema huyu ni Mloka. Huyu ndiye Kidole Mate."

Kobelo akamtazama jirani yake wa miaka sita.

"Kivuli chako kimenitukana mwaka mzima."

"Kimesema nini?" Mloka akauliza, kwa wasiwasi.

"Kwamba nasoma kama mtu anayekimbia mvua."

Mloka akafikiri. "Hilo hata mimi ningesema." Halafu akainamisha kichwa. "Nilikiacha mke wangu alipofariki. Nilidhani hakuna atakayejua tofauti."

"Sikujua," Kobelo akasema. "Ndiyo ubaya wake."

Meza ilikuwa na kiti kimoja. Kobelo akasimama katikati ya nyumba yake, ameona haya. Ndipo akakumbuka nyuma ya mlango: jamvi, la ukindu, la Mwanaidi, halijakunjuliwa tangu siku ya matanga. Akalipiga vumbi, akalitandaza. Lilikuwa jamvi la watu kumi.

Kisomeo mezani kikalia. Bi Tausi, marehemu, anapendekeza kitabu. Kobelo akakifunika kwa bakuli.

Semeni akazungusha maji, wakanawa. Mloka akanyoosha mkono, Semeni akamwangalia kile kidole, akamrudishia jagi. "Nawa tena."

Akanawa tena. Wakakaa watatu, wamebanana pembe moja ya jamvi kubwa, na ugali umeshapoa, wakala.