Sauti ya Gamba

Gamba-tibu lilikuwa likisikiliza mfupa. Lilimkumbatia Bi Mwanahawa mkono wa kulia, kutoka begani hadi juu ya kiwiko, jembamba kama ganda la yai. Ndani yake vifuko vidogo vya hewa vilivimba na kunywea, vikiibana misuli ili nayo iushike mfupa uliovunjika usihame. Kiwiko kililegezwa, maana mfupa ukichezeshwa kidogo huunga upesi. Bega lilifungwa kabisa. Kila mwendo wa hatari gamba liliukataa kwa upole: "Hapana, mama. Bado."

Sauti hiyo ilikuwa ya Mhandisi Zawena, aliyelibuni. Tanga nzima, gamba halikuwa limepindisha mfupa hata mmoja.

Asubuhi moja Bi Mwanahawa aliingia kliniki kwa Zawena bila miadi, kanga imemkaa upande.

"Mwanangu, nifungulie dude hili."

"Shikamoo, bibi. Mfupa bado mchanga."

"Marahaba. Mama kafariki alfajiri. Anangoja kuoshwa."

"Pole sana, bibi. Lakini si wapo wengine..."

"Wengine nani? Binti yake ni mimi peke yangu. Yeye aliniogesha kwa mikono miwili, mimi nimwoshe kwa kushoto, kama ninayejitawaza?"

Akajaribu kuinua mkono. "Hapana, mama. Bado," likasema gamba.

"Umejisikia? Niliponyoosha mkono nimfumbe macho, likanikataza. Kwa sauti yako, mwanangu."

Zawena alikaa, akasimama, akaenda dirishani, akarudi. Walikuwa wamelifundisha gamba kutambua kupika, kusuka, kuswali, kubeba mtoto. Kuosha maiti hakuna aliyekumbuka. Kwa gamba, mwana anayemwosha mamaye alikuwa mtu anayefua nguo tu, na nguo zinaweza kungoja.

"Likitoka, mfupa unaweza kuhama. Mkono utaunga umepinda."

"Si wangu? Acha upinde."

Zawena akaweka kidole gumba juu ya kifungo. Gamba likaachia, likahema kama mtu aliyeudhika.

Jioni, Bi Mwanahawa aliporudi baada ya kumwosha mamaye, picha ya eksirei ilionyesha mfupa umehama. Dakta Semboja, mkurugenzi wa kituo, hakubisha hodi.

"Umetuchafulia jina! Kesho, mbele ya waandishi, utamwomba radhi mgonjwa, kisha utuombe na sisi."

"Mgonjwa kalalamika?"

"Hata akinyamaza! Mkono wake hautanyooka tena maisha yake yote. Unalijua hilo?"

"Nalijua. Nimeiona picha kabla yako." Vidole vyake havikusimama. Alikuwa ameinamia mtambo, akiifuta sauti yake katika magamba yote ya jiji, moja baada ya jingine.

"Zawena, nasema nawe! Ni neno moja tu."

"Kesho nitakuja, Dakta. Nitawaambia nilichofanya na kwa nini. Radhi siombi."