Jibu la Ndiyo Kutoka Makindu

Gari nyeupe aina ya Probox lilipita mji wa Emali kwa kasi ya kilomita mia moja na thelathini kwa saa.

Nyuma yake, pikipiki ya Honda.

Aliyeiendesha alikuwa Wayua Nzomo, afisa wa ujasusi, bastola ya Glock kiunoni na kisikilizio cha simu sikioni. Asubuhi ile mkubwa wake alikuwa amemtumia maneno matatu tu: "Ndiyo zimekuwa nyingi."

Wayua alielewa. Dawa bandia ya sumu ya nyoka ilikuwa imevuka mpaka, chupa mia nne za maji ya chumvi. Mfumo wa kompyuta wa Kyeni Tiba, kampuni inayosambaza dawa kutoka Kitui, ulikuwa unazipitisha kama halali.

Ndani ya Probox alikuwemo Kivuva, fundi wa kompyuta aliyefukuzwa na kampuni hiyo mwaka jana.

"Sandra, nieleze tena. Polepole," Wayua alisema kwenye simu.

Sandra Waruguru ndiye aliyeujenga mfumo. Alikuwa ofisini Kitui mjini, akipumua kama mtu aliyekimbia.

"Madam, mfumo uko na ngazi tatu. Juu ni simu ya nesi, anapiga picha ya boksi la dawa. Chini ni rekodi. Katikati kuna huduma nyingi ndogo, kila moja na kazi yake. Kuna moja kazi yake ni kuulizwa tu: hili boksi ni halali?"

"Na sasa?"

"Kivuva amebadilisha anwani ya hiyo huduma. Swali linaenda kwa mashine yake huko Makindu. Hiyo mashine inajibu ndiyo kwa kila kitu. Nikijaribu kurudisha anwani, amenifungia. Naweza kuchukua saa nzima."

"Wapigie manesi."

"Ni zahanati arobaini na moja. Na Matinyani kuna mama ameumwa na nyoka saa hii. Nesi hashiki simu."

Wayua akaongeza kasi.

Probox ilikata kona Makindu, ikapita malori yaliyoegeshwa, ikasimama nyuma ya duka la mabati. Kivuva akaruka nje na kupanda mbio ngazi za chumba cha juu.

Wayua hakuzima hata pikipiki. Aliiacha ianguke.

Mlango ulipasuka kwa teke la pili, na Wayua akaingia bastola mkononi.

Chumba kidogo. Meza, kompyuta ya ThinkPad, kisanduku cha mtandao kikimetameta taa za kijani. Kivuva alikuwa amesimama ukutani, ameshika waya wa umeme wa kisanduku hicho.

"Weka bunduki chini, dada. Nitavuta."

"Vuta. Utakuwa umenisaidia."

"Madam, kuvuta hakusaidii," Sandra alisema sikioni. "Huduma isipojibu kwa sekunde tano, ngazi ya kati inachukulia jibu ni ndiyo. Akizima, kila boksi bado linapita."

"Nani aliandika hivyo?"

"Ni mimi. Mtandao ulikuwa unapotea sana huku vijijini. Sikutaka wagonjwa wakose dawa."

Kivuva alicheka. Alijua hilo tangu alipofanya kazi Kyeni Tiba.

Wayua akanong'ona, "Hiyo sheria ya sekunde tano iko wapi?"

"Iko hapa kwangu. Hiyo hakuifikia."

"Igeuze."

"Nikigeuza halafu azime, hata dawa halali itakataliwa kila mahali."

"Igeuze, Sandra."

"Nipe dakika mbili."

Wayua akaweka Glock sakafuni, taratibu.

"Unataka nini, Kivuva?"

"Gari. Na njia wazi mpaka Voi."

"Nani alikutuma?"

"Wewe piga simu ya gari."

"Kuna mama huko Matinyani ameumwa na nyoka. Unajua ana umri gani?"

"Simjui."

"Mimi pia simjui. Nyumbani kwetu ni karibu na hapo."

Nje lori lilipiga honi, Kivuva akashtuka kidogo.

Dakika moja. Moja na nusu.

"Gari iko wapi?" akauliza kwa ukali.

"Tayari," alisema Sandra.

Wayua alinyooka.

"Zima," akamwambia Kivuva.

"Unasema?"

"Nimesema zima."

Akavuta, akiamini maboksi yote bado yatapita. Taa za kijani zikafa.

Sekunde tano zilipita. Kule Matinyani, boksi likiwa mezani na sindano bado tupu, simu ya nesi ikageuka nyekundu: USITUMIE.

Kivuva aliona usoni mwa Wayua kwamba ameshindwa. Akaruka kuelekea bunduki. Goti la Wayua lilimfikia kwanza.

Pingu zililia mara mbili.

Dakika ishirini baadaye Sandra alirudi sikioni. "Ambulensi imefika na dawa ya hospitali ya Kitui, ile ya zamani, imehakikiwa kwa mkono. Mama anaongea. Mguu umevimba, lakini anaongea."

"Vizuri."

"Madam... mimi nitashtakiwa?"

Wayua aliwatazama polisi waliokuwa wamefika wakimshusha Kivuva ngazi.

"Umeshapata njia ya kuwahudumia wagonjwa mtandao ukipotea?"

"Nimeanza kuiandika."

"Basi endelea."

Aliinua pikipiki, akapangusa vumbi kwenye kiti, akaingia barabarani bila kuaga mtu.