Bwana Sasa Hivi

"Mara ya tatu, Malachy! Ya tatu! Nyumba yangu si kanisa, na magoti yangu si ya chuma!"

Bi Concepta Hehir alikuwa amelishika geti la jirani yake kwa mikono miwili kama anayetaka kuling'oa. Manyunyu yalikuwa yanamlowesha nywele na hakujali. Upande wa pili wa geti Malachy Tuohy, mwanaume wa miaka hamsini na mmoja, buti zimejaa mavi ya ng'ombe, alikuwa anatafuta pa kuweka macho.

"Sijakataa, Bi Concepta. Nimesema tu msimu huu..."

"Msimu huu una nini? Na uliopita ulikuwa na nini? Padre anasoma altareni, 'Misa ya nyumbani, safari hii kwa Tuohy.' Jioni wewe huyoo mlangoni kwangu na trei ya mayai kama mtu anayeposa! 'Nichukulie hii moja tu, Bi Concepta.'"

Pale kijijini Gortbeg ndivyo walivyozoea tangu enzi za mababu. Mara mbili kwa mwaka Misa inasomwa nyumbani kwa mtu, kwa zamu. Majirani wote wanajazana jikoni, wanasali, halafu wanakula mpaka wanafungua vifungo. Watu hupaka nyumba rangi kwa ajili ya siku hiyo. Nyumba ya Malachy ilikuwa haijapakwa rangi miaka tisa, na miaka tisa hakuna jirani aliyevuka kizingiti chake.

"Padre amesema asipopata nyumba wiki hii, anaifuta kabisa," Concepta aliendelea. "Tutakuwa tunakwenda kusali kwa wale wa ng'ambo ya mto, ambao hata chai yao unaona chini ya kikombe."

"Nitampigia sasa hivi."

"Sasa hivi! Unajua dukani wanakuitaje? Bwana Sasa Hivi. Na Dympna naye utamwambia sasa hivi? Basi la Jumamosi halimsubiri mtu."

"Basi gani?"

Concepta alinyamaza. Mwanamke huyo hakuwahi kunyamaza hata kwa daktari wa meno.

"Ina maana hujui?"

"Kujua nini?"

"Ameuza kuku wake, Malachy. Wote. Hata yule jogoo mwenye jicho moja."

"Labda wamezeeka."

"Jogoo amezeeka, ndiyo. Wewe pia. Lakini mwenzako amepata kazi mjini Limerick, kwenye nyumba ya wazee, chumba humo humo. Hauzi mtu kuku wake kwa safari ya siku mbili."

Aliliachia geti akaondoka akichechemea, akimwacha Malachy amesimama kwenye manyunyu na ndoo tupu.

* * *

Dympna Garvey alikuwa na miaka arobaini na sita. Kazi yake ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani mwao, na alipanga kijumba pale njia panda. Miaka minane Malachy alimtembelea kila Jumapili saa tisa alasiri, akanywa vikombe viwili vya chai, na saa kumi na mbili akaenda kukamua. Kijiji kizima kiliwaita wachumba. Wao wenyewe hawakujiita chochote.

Malachy aliandika ujumbe kwa dole gumba moja:

*Umeuza kuku?*

Jibu lilikuja baada ya saa nzima. *Ndiyo.*

*Hukuniambia.*

*Nilikuambia Jumapili tatu mfululizo. Ukasema tutaongea.*

Akapiga simu.

"Dympna, usifanye haraka."

Kicheko kilichomjibu kilikuwa cha mtu aliyetoka kubeba mizigo.

"Haraka? Malachy, Jumapili mia nne umekaa kwenye kiti changu. Mia nne! Mimi mlango wako nauona kwa nje tu. Ulipougua nikakuletea supu, ukaipokea juu ya geti. Juu ya geti, kama posta."

"Nyumba ilikuwa chafu."

"Una mke humo ndani?"

"Hapana, jamani!"

"Basi una maiti?"

Malachy alihamishia simu sikio la pili. Dympna akashusha pumzi.

"Sina hasira na wewe. Ningekuwa na hasira ningebaki tugombane. Nimechoka tu. Nawageuza wazee kitandani kutwa nzima, nikirudi nakutana na wewe, nawe hugeuki."

"Nitakuja tuongee sasa..."

"Usimalizie hilo neno," alisema, akakata.

* * *

Asubuhi iliyofuata Malachy alifanya alichokifanya kila asubuhi. Alikamua, akaosha mikono, akachemsha chai, na saa tatu kamili akawasha redio kusikiliza majina ya marehemu.

Hiyo ndiyo saa ambayo nchi yote hutulia. Redio ya eneo inasoma nani kafariki, wa kijiji gani, anazikwa lini. Hakuna anayempigia mwenzake simu wala kubisha hodi mpaka yaishe. Malachy aliyasikiliza akiwa kwenye kiti kile kile, mgongo umeelekezwa kwenye mlango wa chumba cha mama yake.

Asubuhi ile ya miaka tisa iliyopita alikuwa amekaa vivyo hivyo, na mama yake akaita kutoka chumbani.

"Malachy!"

Mama aliita mara thelathini kwa siku. Mto umeanguka. Paka yuko wapi. Leo ni siku gani. Malachy akajibu bila kugeuka:

"Sasa hivi, Mama. Acha wamalize kusoma."

Walisoma majina kumi na moja siku hiyo. Alipoingia na chai, mama alikuwa ameshaondoka, mkono umenyooshwa kuelekea mlangoni. Kesho yake wakamsoma na yeye.

Tangu siku ile Malachy hakumkaribisha mtu ndani. Koti la mama lilibaki kwenye msumari, kiti chake dirishani, kikombe chake rafuni. Na tangu siku ile kulikuwa na kitu kinamwita, naye alijua vizuri ni nani. Kilimwita zizini, kilimwita kanisani katika ule utulivu wa baada ya Komunyo: Malachy, fungua mlango. Naye hakuwahi kukataa. Alijibu kwa adabu zote, sasa hivi, Bwana, akamweka Mungu kwenye foleni nyuma ya ng'ombe.

Redio ilikuwa imefika jina la nne simu ilipolia.

Mkono wake ulibaki kwenye kikombe. Miaka tisa hakuwahi kupokea simu saa ile. Ililia mara ya tatu. Ya nne. Ndipo alipouhisi uzito wa makalio yake kwenye kile kiti, uzito wa gunia la chumvi lililolowa, na akaogopa kwamba ikilia mara moja zaidi ikanyamaza, hatanyanyuka tena maisha yake yote.

Akanyanyuka. Akazima redio katikati ya jina la mtu.

"Haloo?"

"Yesu na Maria, umepokea!" Ilikuwa sauti ya Padre Lorcan Deasy. "Nilipiga saa hii makusudi usipokee. Nilitaka nikuachie ujumbe."

"Ujumbe gani, Padre?"

"Kwamba Misa ya Gortbeg naifuta. Sikulaumu, mwanangu. Watu wamezeeka, tumechoka sote. Hata mimi."

"Usifute. Njoo Jumamosi, saa nne asubuhi."

"Jumamosi ya mwezi gani?"

"Hii. Keshokutwa."

"Malachy, umekunywa?"

"Chai tu, Padre. Na sijaimaliza."

* * *

Habari haikuchukua nusu saa. Concepta alifika na ndoo, brashi mbili na kopo la rangi nyeupe, akasukuma mlango kwa kiwiko bila kungoja kukaribishwa. Alipoliona lile koti kwenye msumari akasimama ghafla.

"Mwanangu," alisema taratibu. "Unaishi hivi?"

Malachy akamweleza yote. Majina kumi na moja, chai, ule mkono. Hakuwahi kumwambia mtu, na maneno yalimtoka makavu, moja moja. Concepta aliketi juu ya kopo la rangi.

"Alinipigia simu," alisema.

"Nani?"

"Mama yako. Asubuhi ile ile. Alikuwa na simu kitandani, si unakumbuka? Ililia kwangu. Nikasema, ni mwendawazimu gani anapiga saa ya marehemu? Nikaiacha ilie." Alifuta pua kwa kona ya aproni. "Unadhani zamu zako nilizichukua kwa sababu ya mayai? Mayai yako madogo."

Concepta akajishika magoti akainuka.

"Haya. Ukuta ule unaanza wewe, na mimi naanza na hili jiko, Mungu anisaidie. Dympna umemwambia?"

"Namalizia ukuta huu, halafu naenda sasa hivi."

Concepta alimtupia brashi.

Haki ya Mungu, tabia ya mtu haing'oki siku moja. Ukuta ulifuatiwa na dari, na dari ikafuatiwa na madirisha. Ijumaa Malachy alipata ujasiri wa kupiga simu moja nzito, akaipiga, na ikamchosha kiasi kwamba hakuwa na nguvu ya nyingine. Akajiambia: kesho asubuhi.

* * *

Jumamosi saa nne kasorobo uwanja wa Malachy ulikuwa umejaa magari mpaka kwenye banda la majani. Watu waliingia wakitazama kuta, dari, na kwa siri, chini ya meza. Wanawake walileta mkate wa magadi na siagi. Nyama ya nguruwe ilikuwa imechemka tangu alfajiri. Redio haikuwashwa. Padre alikuwa ameshavaa, mshumaa umewashwa, meza ya jikoni imefunikwa kitambaa cha marehemu mama.

Concepta alimvuta Malachy pembeni kwa mkono wa koti.

"Dympna yuko wapi?"

Malachy akatazama saa yake.

"Basi ni saa nne na robo," Concepta akasema. "Misa ikiisha, atakuwa nusu ya njia."

Padre alikuwa ameinua mkono kwa ishara ya msalaba. Watu thelathini kimya. Nani anaondoka kwenye Misa ya nyumbani kwake mwenyewe? Ataanza na Misa, alijiambia, ni jambo la Mungu, halafu atampigia... Kisha akalisikia tena lile jina lake, kama lilivyokuwa likimwita zizini. Halikusema 'halafu'.

"Padre," alisema kwa sauti, "naomba mnisubiri."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nirudi."

Gari lake lilikuwa limezibwa na magari saba. Akapanda trekta.

* * *

Basi lilikuwa tayari kituoni trekta ilipokuja ikinguruma njia panda, juu yake mwanaume mwenye suti nyeusi ya mazishi na rangi nyeupe sikioni. Dympna alikuwa mguu mmoja kwenye ngazi, sanduku mkononi.

"Dympna! Ngoja!"

"Neno hilo ndilo nimelifanyia kazi miaka minane, Malachy."

"Misa iko kwangu. Sasa. Padre amesimama pale jikoni amevaa."

"Na wewe uko hapa?"

"Niko hapa."

Dympna alimwangalia suti, buti, sikio. Akashusha mguu kutoka kwenye ngazi, lakini sanduku hakuliachia.

"Siku ile kwenye simu uliniuliza kama kuna maiti," Malachy alisema. "Yuko. Ni mama yangu. Aliniita siku anakufa, nikamwambia sasa hivi kwa sababu redio ilikuwa inasoma marehemu. Nilipokwenda, amekufa peke yake. Nikawaza, mwanamke mwingine akiingia mle ndani, siku moja naye ataniita, nami nitakuwa nimekaa."

Dereva alikohoa. Dympna hakugeuka.

"Nimewaona wengi wakiondoka," alisema kwa ile sauti yake ya uchovu. "Unakesha naye, unatoka kujaza birika, anaondoka. Wengine husubiri utoke. Mama yako simjui, labda alisubiri, labda hakusubiri. Lakini mimi nimekuita miaka minane, Malachy, na mimi sijafa."

"Najua. Jumatatu saa tano asubuhi tuna miadi kwa msajili wa ndoa. Nilimpigia jana."

"Umemwambia msajili kabla yangu?"

"Msajili hanijui. Ilikuwa rahisi."

Kitu kilimcheza Dympna mdomoni, halafu kikazima.

"Mama," dereva alisema, "unapanda basi au unapanda trekta?"

Dympna alilitazama sanduku lake. Upepo ulikuwa unampiga usoni.

"Kuna basi lingine saa tisa?"

"Lipo."

"Basi nenda," alimwambia dereva. Kwa Malachy akasema, "Sijakubali kitu. Nakwenda kusali. Na ndani siingii, nitasimama na wale wanaume ambao kila Misa hubaki mlangoni."

* * *

Ndivyo alivyofanya. Watu walikuwa wanasali rozari kumsubiri mwenye nyumba, wakiongozwa na Concepta aliyewakimbiza kama farasi. Misa ikasomwa. Dympna aliisikiliza akiwa kibarazani kati ya wanaume wawili wanaonukia tumbaku, sanduku miguuni. Komunyo Padre alimletea pale pale.

Ilipokwisha, visu vikaanza kulia kwenye sahani, jikoni kukawa na kelele ya miaka tisa kwa mara moja. Viti vyote vikajaa isipokuwa kimoja, cha dirishani. Kila aliyekikaribia alikumbuka kilikuwa cha nani, akapita. Concepta alikuwa anajaza sahani ya kwanza, macho yote mlangoni.

Malachy alitoka. Hakuwa na chai mkononi wala ndoo. Wale wanaume wawili walijikuta wana shughuli uwanjani.

"Dympna."

"Abee."

Malachy alichukua sanduku la Dympna, akalivusha kizingiti, akaliweka chini ya msumari mtupu uliokuwa na koti. Kisha akakivuta kile kiti cha dirishani hadi mezani, akasimama nyuma yake, ameshika mgongo wa kiti kwa mikono yenye madoa ya rangi.

"Ingia ule," alisema.