Kuna Watu Juu

Foleni ya gari la reli, lile la kupanda mlima na kuporomoka, ilikuwa imejikunja mpaka kwenye geti la bustani ya michezo. Watoto wanalia, aiskrimu zinawayeyukia mikononi, jua linachoma visogo, na kijana mmoja mwenye shati jeupe lililopigwa pasi vizuri alikuwa akilalamika kwa sauti kubwa utadhani foleni yote ni yake.

"Hili gari nalo! Linapanda mlima kama bibi aliyebeba ndoo kichwani. Ka-ka-ka-ka. Mtu utazeeka hujafika juu!"

Dada aliyekuwa mbele yake akageuka. Gauni la njano, hereni ndogo, na miguuni, jamani, buti za kazi zenye vumbi la chuma.

"Bibi huyo unayemsema ni wa kwetu," akamwambia. "Baba ndiye aliyelijenga. Na mimi nimekagua kila kiungo kilicholehemiwa."

"Basi nimekufa."

"Bado. Subiri ufike juu."

Walikaa kiti kimoja. Mnyororo uliwavuta taratibu hadi kileleni, ukawaachia, na kijana aliyekuwa akijidai alipiga yowe kuliko watoto wote. Waliposhuka alikuwa ameshika mkono wa dada yule na hakuuachia mpaka getini.

Alikuwa mhandisi wa umeme. Haukupita muda mrefu, akapata kazi kwa baba wa yule dada, kwenye kiwanda kinachojenga magari hayo. Mafundi wakambandika jina la Umeme. Dada mwenyewe walishamzoea kwa jina la Inspekta. Chakula cha mchana kikifika tu, simu inaita, na wote wawili wamo kiwanda kimoja!

"Inspekta."

"Abee, Umeme."

"Umenikumbuka?"

"Nilikuwa nakagua boliti. Boliti hazina maneno mengi kama wewe."

"Lakini hazikupendi."

"Nani kakwambia?" Na hapo anacheka mpaka fundi wa jirani anazima mashine asikilize.

Kilichowakorofisha ni gari. Umeme alichora gari la kurushwa, lile lisilovutwa na mnyororo. Sumaku na umeme mwingi vinalisukuma kwa mpigo mmoja, na kabla hujameza mate liko juu. Wateja walikuwa wakiliulizia kila siku. Mzee akautazama ule mchoro, akausifu, akaurudisha.

"Hapa hatujengi la kurushwa," akasema, na sababu hakutoa.

Inspekta akaenda kumwombea mpenzi wake. Alimkuta baba karakanani, amekaa juu ya kreti, chai imepoa mkononi.

"Baba, mafundi wanasema unaogopa mambo mapya."

"Waache waseme." Mzee akaweka kikombe chini. "Sikiliza, mwanangu. Mnyororo ukigoma, gari linasimama pale pale. Watu wa bustani wanawashusha abiria kwa ngazi, wananuna, wanakwenda zao. La kurushwa ni habari nyingine. Baridi ikizidi, upepo ukibadilika, umeme ukipungua kidogo tu, halifiki kileleni. Linarudi nyuma. Breki zitalishika, sawa, lakini kulinasua ni kazi ya aliyelijenga. Litagoma wiki hii, litagoma wiki ijayo, na kila likigoma anaitwa yeye. Kiwanda chetu ni kidogo. Hatuna mtu wa kumpa maisha ya namna hiyo."

"Umejuaje yote hayo?"

"Nilijenga moja. Wewe ulikuwa mdogo. Siku mama yako anakata roho, nilikuwa nimelala chini ya reli nimeshika waya."

Miaka yote Inspekta alijua kwamba baba alikuwa safarini siku ile. Alikuwa amekua na kinyongo hicho, amekibeba kimya kimya. Sasa alijua safari yenyewe ilikuwa ya nini, na moyo ukamuuma zaidi. Kumwacha mama kwa ajili ya gari la michezo!

Alimwambia Umeme kwa mkato, maana siri ya baba hakuona kama ni yake kuitoa. "Baba amekataa. Na mimi naona yuko sawa."

"Kumbe na wewe huniamini?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema." Akakusanya vifaa vyake. Kampuni kubwa ya mji jirani ilimpokea kwa mikono miwili, yeye na mchoro wake.

Miezi mingi ilipita bila simu. Inspekta alikonda, akaacha hereni, akawa mkali kwa mafundi bila sababu. Siku simu ilipoita na kuonyesha jina lile, alikuwa juu ya ngazi, nusura aanguke.

"Inspekta."

"Abee."

"Nimelijenga, linakwenda. Kila mtu ananipongeza, na mimi nageuka kumtafuta mtu mwenye buti. Nisamehe, mpenzi wangu. Nije nizungumze na mzee?"

"Njoo. Njoo hata leo."

Alikuja mchana wa Jumapili, suti ya kijivu, kisanduku cha pete mfukoni. Inspekta alivaa lile gauni la njano, safari hii na viatu vya maana. Mzee alimpokea kwa moyo mweupe, akamwita mwanangu. Walikuwa wameanza kula simu ilipoita. Umeme akaikata. Ikaita tena. Akaikata, jasho likimtoka.

"Leo sipokei," akasema. "Leo ni siku yetu."

Mzee aliinamia sahani yake. Ilipoita mara nyingine, Inspekta alinyoosha mkono, akaichukua, akapokea mwenyewe. Alisikiliza, akaishusha polepole.

"Limerudi nyuma. Limenasa kwenye breki katikati ya mlima, na hawajui kulinasua. Kuna watoto ndani."

"Watatafuta mtu."

"Mtu ndiye wewe. Nenda, mpenzi. Kuna watu juu."

"Nitarudi jioni, haki ya nani."

"Utarudi, halafu litaita tena." Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye gauni na hakuyafuta. "Nakupenda, Umeme. Lakini ukibaki nitakudharau, na ukienda nitabaki kusubiri. Mama alisubiri. Mimi siwezi."

"Basi naacha kazi!"

"Na lile gari umwachie nani?"

Umeme akaanza kukitoa kisanduku mfukoni. Inspekta akakisukuma kile kisanduku ndani kabisa ya mfuko wake, akamnyoosha kola, akamfungulia mlango. Walisikia viatu vyake vikikimbia ngazini.

Chakula kikapoa. Mzee alikuwa bado ameinamia sahani.

"Mama yako naye alisema hivyo hivyo," akasema.

"Alisema nini?"

"Nenda, kuna watu juu. Nilikataa. Nilishika kitanda, nikamwambia siondoki. Akaichukua simu, akanisikilizisha sauti za watu wanavyolia kule. Ndipo nikaondoka."

Inspekta alimtazama. "Miaka yote, baba! Mbona hukuniambia?"

"Ungemkasirikia yeye. Nilitaka umkasirikie mtu aliye hai."

Inspekta alihamisha kiti, akakaa karibu naye, akamlalia begani. Walikaa hivyo mpaka ujumbe wa Umeme ulipoingia kwenye simu yake. Aliusoma, akaurudia.

"Wameshuka?" baba akauliza.

"Wote," akasema, na hapo ndipo alipolia kwa sauti.