Mapazia ya Hotelini na Kiingereza cha Ofisini

Kila jioni, baada ya kufagia vipande vya vitambaa, Chiriku alikaa kando ya cherehani ya mama yake akijifunza Kiingereza cha ofisini. Mwalimu wake alikuwa shangazi yake, katibu muhtasi. Kiingereza cha kupiga soga binti huyo alikuwa nacho tele, na kwa domo lake hilo ndiyo maana wakamwita Chiriku. Alichokosa ni kile cha kazi.

"Ofisini husemi 'nataka'," alieleza shangazi. "Unasema 'ningependa kuomba'."

"Yaani maneno yavae suti?"

"Na tai juu yake."

Asubuhi moja meneja wa hoteli, mgeni asiyejua Kiswahili, alipiga simu. Mama, ambaye hakujua Kiingereza, akampa Chiriku aongee. Mapazia ya chumba cha kwanza cha hoteli, aliyoyashona mama, yalikuwa yamepungua urefu kwa shibiri nzima! Meneja alikuwa ameahidi kwamba chumba hicho kikimridhisha, angewapa kazi ya hoteli yote. Na aliyepima dirisha la chumba hicho ni Chiriku mwenyewe, mikono ikiwa kazini, macho barabarani.

"Kumetokea nini?" aliuliza meneja.

Chiriku alikohoa kidogo, akatoa sentensi aliyoipenda kuliko zote: "Tunasikitika kwamba hitilafu hii imetokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu."

Ilitoka bila kigugumizi.

"Sababu zipi?"



"We Chiriku, umemeza ulimi leo?" mama alinong'ona.

Sentensi ilikuwa safi, ila haikuwa ya kweli. Chiriku alivuta pumzi, akachagua maneno upya.

"Naomba radhi, bwana. Kosa ni langu, nilipima bila uangalifu. Tutashona mengine kwa gharama zetu na kuyaleta Ijumaa. Safari hii atapima mama yangu."

"Vizuri," alijibu meneja. "Sasa nimekuelewa. Nawasubiri Ijumaa."

Ijumaa mapazia yaligusa sakafu sawasawa, na kazi ya vyumba vyote ikawa yao.

Chiriku alipomsimulia shangazi yake, shangazi alicheka kwanza.

"Sentensi ile nilikufundisha mimi, na haina kosa," alisema. "Ni ya siku umeme umekatika, si ya siku mpimaji ametazama barabara. Maneno rasmi, mwanangu, ni ya kuusema ukweli kwa heshima. Ukiyatumia kuufunika, swali moja tu linakuumbua."