Nilimtoa Jicho Mtu Niliyemleta Kanisani

Nina miaka arobaini na sita, mkulima wa mahindi na mbaazi hapa Nangwa, wilayani Hanang. Nilikuwa mzee wa kanisa kwa miaka tisa. Nasema nilikuwa... Naandika haya kwa aibu.

Ugomvi ulianza mchungaji wetu alipopewa uhamisho. Mimi na wenzangu tulitaka abaki. Safari, mzee mwenzangu ambaye ndiye aliyenisimamia ndoa, alitaka aende. Tukagawanyika. Tukaacha kusalimiana, wake zetu wakasusiana hata misiba! Huo ulikuwa Ukristo gani?

Wakati huo nilikuwa nimemleta kanisani rafiki yangu Gidamis, mfugaji wa kijiji cha Dirma tuliyezoeana naye mnadani. Kwao hakuna aliyewahi kubatizwa. Miezi mitatu alikuja kwa miguu kila Jumapili kwenye mafundisho. Aliniambia Pasaka atabatizwa na watoto wake wote. Nilijivunia sana!

Jumapili moja asubuhi kundi letu lilifunga mlango wa kanisa kwa kufuli, mchungaji mpya asiingie. Kundi la Safari likaja na shoka kuvunja. Jiwe likarushwa, na baada ya hapo ilikuwa fimbo, ngumi, mateke. Akina mama walivutana vilemba na kuumana. Mwalimu wa kwaya alianguka kwenye ngazi akitema meno na damu kwenye shati lake jeupe. Nami nilikuwa napiga tu... Mungu anisamehe, nilikuwa nafurahia!

Nikamwona Safari. Nikainua fimbo kwa mikono miwili. Gidamis akaingia katikati, ametanua mikono kutuamua. Fimbo ikatua kwenye jicho lake la kushoto.

Alikaa chini, damu ikimpita katikati ya vidole. Jicho lile halikupona.

Hospitalini nilipiga magoti nikalia. Akaniuliza taratibu, "Kwetu watu wakipigana hivi, ujue kuna ng'ombe wameibiwa. Ninyi mlikuwa mnagombania nini?"

Nikamjibu kwamba ni mchungaji.

"Mungu wenu simjui," alisema. "Nilikuwa namtazama kupitia kwako. Sasa nimemwona, inatosha."

Mimi na Safari tuliwekwa mahabusu, tukatengwa na Meza ya Bwana, mwishowe tukapatanishwa. Leo tunakula pamoja. Lakini Gidamis hajarudi... Nimekwenda Dirma mara nne. Ananikaribisha, ananipa maziwa, ila nikigusa habari za kanisa anainuka kwenda kwa ng'ombe wake. Watoto wake wakiniona wanakimbia.

Wasomaji wenzangu, ninyi mnaogombana makanisani, misikitini, popote mnapomwita Mungu... nawaomba kwa machozi, wekeni fimbo chini! Yupo mtu hapo mlangoni asiyejua maandiko, anawatazama ninyi tu. Mimi wa kwangu nilimpiga. Siku Mungu akiniuliza yuko wapi, nitamjibu nini?