Amri ya Kutokimbia

Isihaka Mhina alikuwa na bastola ya Browning, redio ya Motorola na moyo uliovimba.

Cha tatu ndicho kilichomtia hofu.

"Kinu, hapa Mkonge," mkuu wake akamwita redioni kwa jina la siri. "Unamwona Simeo?"

"Namwona. Ameacha Peugeot yake nyuma ya josho. Anaingia mnadani na sanduku."

"Mkimbilie!"

Amkimbilie vipi? Wiki tatu nyuma alipata mafua, mafua ya kawaida tu, ya kupiga chafya na kunywa chai ya tangawizi. Yakapona. Kisha kifua kikaanza kubana, miguu ikavimba. Dokta Grasiana wa Masuguru alimsikiliza moyo mara tatu, akavua miwani.

"Kirusi kimeingia kwenye misuli ya moyo. Dawa ya kukiua hatuna. Pumzika miezi mitatu, na usikimbie hata ukifukuzwa na mbwa. Utaanguka usiamke."

Hakuwa peke yake. Tangu masika homa ile ilipita Hale, ikapita Korogwe, ikapanda Handeni. Na mwaka ule wa 1993 biashara ilikuwa imeachiwa huria, maduka ya dawa yakichipuka kila kona, kwa hiyo Simeo hakuchelewa. Alivusha kwa magendo vichupa vya sindano vyenye maandishi ya kigeni, akatangaza kwamba vinaponya moyo. Vilipopimwa Dar es Salaam vilikutwa na maji ya chumvi, tena machafu. Watu wawili walishakufa kwa sindano hizo. Leo, kwenye mnada wa Mazingara, angeuza sanduku zima.

Simeo akajitanda shuka nyekundu, akakamata fimbo, akapotea katikati ya wafugaji.

Isihaka akapiga hatua kumi za haraka. Kumi tu, jamani! Moyo ukaruka pigo, ukapiga mawili kwa pamoja, macho yakaingia giza. Jasusi wa serikali aliyewahi kuruka kutoka kwenye treni inayokwenda akakaa chini kwenye samadi, hana la kufanya.

"Kinu! Jibu!"

"Amenipotea," alisema. Alitamani kulia.

Ajuza wa Kimasai aliyeketi na kibuyu chake cha maziwa alikuwa akimtazama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Midomo imekuwa myeusi. Unaumwa kama mjukuu wangu Nanyori. Mimi Noonkipa nimeleta ng'ombe niuze, nimnunulie ile sindano."

Kwa pumzi fupi fupi Isihaka akamweleza anamtafuta nani, na sindano ile ni kitu gani.

Bibi akaweka kibuyu chini. "Kuna mmoja kapita hapa na shuka. Vijana wetu wakifika kwangu wanainamisha kichwa, nawagusa, ndiyo wanapita. Yeye kaniambia shikamoo, shingo wima, akaenda zake zizini. Nikajiuliza, huyu kalelewa wapi?"

Akapaza sauti. "Leboo!"

Mwanawe Leboo na wenzake wakafunga lango la zizi, wakamsaka mwenye sanduku. Dakika tano baadaye Simeo aliletwa, shuka imemvuka, sanduku liko mkononi mwa Leboo.

"Afande, unakufa," Simeo akamnong'oneza Isihaka, akitoa kichupa mfukoni. "Walivyopima ni vibovu. Hiki kimoja ndicho chenyewe. Chukua. Nani atajua?"

Isihaka alikishika kichupa. Alikitaka. Wallahi alikitaka, huku akijua.

Akakitia sandukuni pamoja na vingine.

"Mkonge, hapa Kinu. Tumempata. Leteni Land Rover barabarani."

Bibi Noonkipa alikuwa bado pale.

"Sasa Nanyori nimpe nini?"

"Apumzike, bibi. Asikimbie. Asiteke maji."

"Na dawa?"

"Hakuna."

"Na wewe je?"

"Hata mimi."

Bibi akaanza kufungua kamba ya ng'ombe wake arudi naye nyumbani. Isihaka akainuka, akamwinamishia kichwa. Mkono wa bibi ulikaa pale utosini kwa muda mrefu kuliko desturi.

Leboo na wenzake walitangulia na Simeo; Isihaka akaelekea barabarani, mikono mfukoni. Hatua moja, pumzi. Hatua moja, pumzi.

"Cheki yule mshkaji," kijana mmoja wa mjini akamwambia mwenzake. "Kakamata jambazi, halafu anatembea kama yuko harusini. Hana wasiwasi kabisa!"

Isihaka alimsikia. Hakugeuka, maana hata kugeuka kulikula pumzi, na gari lilikuwa bado mbali.